Kutambua mwani, likeni na mosi Mtwara na Lindi, kutoka ufukweni hadi Rondo

Anayetaka kuvitambua viumbe vidogo vya kijani, vya kijivu na vya rangi ya chungwa vinavyofunika mawe, kuta na magome ya miti katika mikoa ya Mtwara na Lindi hukutana na kikwazo kimoja tangu mwanzo, nacho ni kwamba rangi humpotosha. Mwani ulio katika kundi la mwani mwekundu unaweza kuwa wa kijani kabisa shambani, mwani wa kijani unaweza kuugeuza ukuta mzima kuwa wa chungwa, na likeni iliyoonekana ya kijivu asubuhi inaweza kuwa ya kijani jioni baada ya mvua. Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na rangi. Unaanza na maswali mawili yanayojibika kwa macho na vidole: kiumbe kimejishikiza juu ya nini, na hufanya nini kinapopata maji au kinapoyakosa.

Makundi haya matatu hayana ukoo mmoja, ingawa macho huyaweka pamoja. Mwani ni jina la jumla la viumbe vingi vinavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua bila kuwa na mizizi, shina wala majani ya kweli. Humo mna mwani wa kijani, wa kahawia na mwekundu, na kwa mazoea hujumuishwa pia sianobakteria, ambazo kwa hakika ni bakteria. Likeni ni ushirika: kuvu hujenga mwili, na ndani ya mwili huo huishi mwani au sianobakteria inayotengeneza sukari. Mwanasayansi wa Uswisi Simon Schwendener alipotoa hoja hiyo mwaka 1867, wataalamu wengi wa likeni wa zama zake waliikataa. Leo hakuna anayeibisha, na mwaka 2016 Toby Spribille na wenzake walionyesha kwamba ndani ya ngozi ya juu ya likeni nyingi mna pia kuvu wa pili, wa jamii ya hamira. Mosi, kwa upande wake, ni mmea kamili wa kijani wenye vijani vidogo, ila hauna mizizi ya kweli wala mishipa ya kusafirishia maji kama ile ya mwembe au mhindi. Hujishikiza kwa vinywele viitwavyo rizoidi, na maji huyanywa kwa mwili mzima.

Vifaa na wakati wa kwenda

Kifaa cha lazima ni lenzi ya mkono inayokuza mara 10, na jambo la lazima zaidi ni kuishika vizuri: lenzi huwekwa karibu na jicho hadi ikaribie kugusa nyusi, kisha kichwa chote ndicho kisogezwe kuelekea kwenye gome au jiwe mpaka picha itulie. Ongeza chupa ya kunyunyizia maji, kisu kidogo, bahasha za karatasi ya kaki na penseli, kwa kuwa wino hupotea maji yakishagusa karatasi. Simu inafaa kwa picha iwapo sarafu au rula imewekwa kando ili kuonyesha ukubwa. Zile programu za simu zinazotaja jina la kiumbe kwa picha moja sizipendekezi kwa likeni za kuganda, yaani zile zisizobanduka bila gome au jiwe, kwa sababu spishi nyingi za kundi hilo hazitenganishwi bila kukata tunda lake na kutazama kwa hadubini spora, yaani chembe za kuzalia, zilizomo. Programu haitakwambia hivyo, itakupa jina tu.

Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Mosi zitafutwe ndani ya msimu huo au mara tu unapokwisha, maana wakati wa kiangazi hujikunja, hukauka na kuonekana uchafu wa kahawia ambao mtu huupita bila kuugeukia. Likeni hazina msimu. Mwani wa baharini una kalenda yake, ambayo ni mwezi.

Kabla ya kukata au kubandua chochote, ulizia ruhusa. Sehemu kubwa ya pwani ya kusini mwa mji wa Mtwara imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981. Na msitu wa Rondo ni hifadhi ya mazingira asilia. Katika maeneo hayo lenzi na kamera vinatosha. Likeni nyingi hukua kwa milimita chache tu kwa mwaka, na za kuganda mara nyingi hukua chini ya milimita moja, hivyo kipande cha ukubwa wa kiganja kinachokwanguliwa kwa dakika moja kinaweza kuwa na umri wa miaka mingi kuliko anayekikwangua.

Ufukweni

Nenda wakati wa bamvua, yaani siku moja hadi tatu baada ya mwezi kuandama au kupevuka. Katika siku hizo maji hukupwa mbali sana, na kwenye pwani yetu kupwa hiyo ya mchana huangukia kati ya saa nne na saa tano asubuhi au baada yake kidogo. Anza saa moja na nusu kabla, fuata maji yanavyorudi nyuma, na geuka mara yanapoanza kujaa. Wakati wa maji mafu utaona sehemu ya juu tu ya ufuko, ambayo ndiyo yenye aina chache kuliko zote. Ukikuta mashamba ya mwani, usikatize juu ya kamba. Wasalimie akina mama waliomo kazini, jitambulishe, na uombe kupita. Licha ya kuwa ndio adabu, wao wanaujua mwani wa eneo hilo kuliko kitabu chochote, hasa ule unaowasumbua.

Hatua ya kwanza ni kutenga nyasi za bahari na mwani. Nyasi za bahari, kama Thalassodendron ciliatum na Thalassia hemprichii, ni mimea inayotoa maua: fukua mchanga kwa vidole utakuta shina linalotambaa, mizizi ya kweli, na majani ambayo ukiyaelekeza kwenye mwanga yanaonyesha mishipa iliyonyooka. Mwani hauna hayo. Una kishikizo kinachong'ang'ania jiwe, au nyuzi zinazojifunga kwenye mchanga. Anayeanza hudanganywa na Caulerpa, mwani wa kijani wenye kitu kinachofanana na shina linalotambaa mchangani, huku juu yake pakisimama vitu vinavyofanana na majani au vishada vya zabibu. Vitazame kwa lenzi: hakuna mshipa hata mmoja. Zaidi ya hayo, Caulerpa nzima, hata ikitambaa zaidi ya meta moja, ni seli moja yenye viini vingi, isiyo na kuta za kuigawa ndani. Jirani yake wa karibu kwa tabia ni Valonia, kiputo kigumu cha kijani kinachong'aa, ambacho nacho ni seli moja unayoweza kuishika kwa vidole.

Baada ya hapo tazama tabaka. Juu kabisa kwenye mwamba wa matumbawe, mahali panaporushiwa maji tu, kuna mkanda mweusi ambao watu hudhani ni lami au moshi. Huo ni utando wa sianobakteria, na ukilowa huteleza vibaya mno, hivyo tembea kwa tahadhari. Chini yake hufuata Ulva, karatasi nyembamba au mirija ya kijani kibichi. Ulva hukua haraka sana panapokuwa na naitrojeni nyingi, hivyo zulia lake lililotanda mahali ambapo mfereji wa mji unamwaga maji ni dokezo linalofaa kuandikwa daftarini, ingawa peke yake si uthibitisho wa uchafuzi. Chini zaidi, kwenye mwamba unaofunuliwa na bamvua tu, utakuta mwani wa kahawia: Padina yenye umbo la pepeo na mistari ya nusu duara iliyopakwa chokaa nyeupe, Turbinaria yenye vipande vigumu vya umbo la koni, na Sargassum yenye viputo vya hewa vinavyouinua uelekee kwenye mwanga. Halimeda, mwani wa kijani uliojengwa kwa vibamba vya chokaa vilivyounganishwa kimoja baada ya kingine, hupenda mabwawa yanayobaki na maji. Ikifa, vibamba hivyo hutengana, hupauka, na kuwa sehemu ya mchanga mweupe wa fukwe zenye matumbawe.

Mwani mwekundu ndio unaohitaji subira. Katika maji ya kina kifupi yenye jua kali, rangi yake nyekundu hufifia, nao huonekana wa kahawia, wa njano au wa kijani. Kipimo rahisi ni hiki: kata kipande kidogo, kiweke katika glasi ya maji baridi yasiyo na chumvi, na uiache glasi gizani usiku kucha. Rangi nyekundu ya kundi hili huyeyuka katika maji, hivyo seli zinapopasuka kwa kukosa chumvi, maji hugeuka ya waridi na kipande chenyewe hubaki cha kijani. Rangi ya mwani wa kahawia haiyeyuki katika maji kwa namna hiyo. Badala yake, ukiutumbukiza katika maji ya moto hugeuka kijani papo hapo, kwa sababu joto huvunja muungano uliokuwa ukiificha rangi ya kijani iliyokuwamo tangu mwanzo. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilipoanza Zanzibar mwaka 1989 na baadaye kuenea pwani ya bara, aina zilizopandwa zilikuwa mbili, na zote ni za kundi hili la mwani mwekundu. Spinosum, yaani Eucheuma denticulatum, ni mwembamba na una miiba midogo iliyopangwa kwa pete kuzunguka matawi. Kotonii, yaani Kappaphycus alvarezii, ni mnene, laini, hauna pete hizo za miiba, na hauvumilii joto kama mwenzake. Matawi yanayopauka na kukatika kwenye kamba ni dalili ya ugonjwa unaoufuata mwani uliokwisha kudhoofishwa na joto au na maji ya mvua yaliyopunguza chumvi. Bakteria humalizia tu.

Kiasi cha mwani unachokiona kwenye mwamba hakitokani na mwanga na chumvi pekee, bali pia na walaji. Tafi huutafuna mwani laini, na wakulima wanamjua vizuri kwa sababu hiyo. Pono hukwangua mwani mfupi juu ya matumbawe kwa meno yake magumu. Palipovuliwa sana samaki hao, au palipovunjwa matumbawe kwa baruti, mwani hupata nafasi ya kuufunika mwamba na kuwazuia vifaranga wa matumbawe wasipate pa kukaa. Hata hivyo si kila mwani ni adui wa matumbawe. Ule ukoko mgumu wa waridi uliogandamana na jiwe, ambao wengi hudhani ni rangi ya jiwe lenyewe, ni mwani mwekundu wenye chokaa, na ndio unaogandisha vipande vya mwamba pamoja na kuwapa vifaranga wa matumbawe sehemu ya kuanzia. Baada ya joto la mwaka 1998 kuyapausha matumbawe ya Bahari ya Hindi magharibi, uwiano kati ya ukoko huo na mwani laini ulikuwa mojawapo ya mambo yaliyoamua wapi matumbawe yangerudi upesi. Andika uwiano huo kila unapotembelea mwamba uleule. Una faida kuliko orodha ndefu ya majina.

Kwenye mikoko, inama utazame mizizi ya mchu inayosimama juu ya tope. Nyuzi za zambarau iliyokoza zilizoivaa ni mwani mwekundu wa jenasi Bostrychia na Caloglossa, ambao huvumilia kukauka na kulowa mara mbili kila siku.

Kuta na mawe

Nyumba za kale za Mikindani, boma la Wajerumani la mwaka 1895 na magofu ya Kilwa vilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, vitu vinavyofyonza maji na kuyatunza, na ndiyo maana kuta hizo zina uhai mwingi kuliko ukuta wa saruji uliopigwa lipu laini. Michirizi myeusi inayoshuka kutoka kwenye ukingo wa paa ni sianobakteria zinazofuata njia ya maji. Madoa ya chungwa yana uwezekano wa aina tatu. Kutu huanza kwenye msumari au nondo na kuteremka, na ukiitazama kwa lenzi huoni umbo lolote. Trentepohlia ni mwani wa kijani ambao rangi yake imefunikwa na karotini, na lenzi itakuonyesha nyuzi fupi zilizosimama wima, ambazo ukizisugua kwa kucha huacha rangi ya njano yenye ukijani. Likeni ya chungwa, kama za jenasi Caloplaca, ina ukingo unaoonekana na vijisahani vidogo vya duara katikati, ambavyo ni matunda ya kuvu.

Likeni za kuganda hutoa asidi dhaifu na kupenyeza nyuzi zake katika jiwe, hivyo ni kweli kwamba hulimomonyoa. Kwa maoni yangu, hata hivyo, brashi ya waya inayotumiwa kuzisafisha huondoa jiwe jingi kwa asubuhi moja kuliko likeni kwa miaka mingi, na uso uliokwaruzwa hushika maji zaidi ya awali. Tone la ndimu, ambalo hutoa povu likigusa chokaa na hivyo kufaa kwa kuthibitisha mwani wenye chokaa kama Halimeda, lisitumiwe hapa: jiwe lenyewe litatoa povu, na jibu halitakuwa na maana yoyote.

Mikorosho na minazi

Shamba la mikorosho ni darasa zuri la likeni, kwa sababu miti ni ya jinsi moja, mara nyingi ya rika moja, na imesimama kwa mistari, hivyo tofauti kati ya shina na shina hutokana zaidi na mwanga, upepo na utunzaji. Chagua shina moja, simama umbali wa hatua moja, na utazame sehemu iliyo kati ya kiuno na kichwa. Kwanza utaona mabaka tu: meupe, ya kijivu, ya kijani-kijivu. Sasa sogea kwa lenzi na uchague baka moja jeupe. Likiwa na mistari myeusi mifupi, iliyopinda na kugawanyika mithili ya maandishi ya mtu mwenye haraka, hiyo ni Graphis au ndugu yake wa karibu. Kila mstari una midomo miwili myeusi na ufa mwembamba katikati, na kutoka kwenye ufa huo ndimo spora za kuvu zinamotoka. Kama badala ya mistari kuna nukta nyeusi zilizovimba, kila moja ikiwa na kitundu kileleni, huenda ni Pyrenula.

Nyunyizia maji upande mmoja wa baka na uache upande wa pili mkavu. Muda si mrefu upande uliolowa hugeuka wa kijani huku mwingine ukibaki mweupe. Hakuna kilichokua. Ngozi ya juu ya likeni ikiwa kavu huwa na hewa ndani yake nayo hurudisha mwanga. Ikijaa maji hupitisha mwanga, na rangi ya mwani ulio chini yake hudhihirika. Katika muda huohuo usanisinuru uliokuwa umesimama huanza tena. Likeni haina mizizi wala vinyweleo vya kufunga na kufungua, hivyo haiwezi kuchagua lini ikauke. Huishi kwa kusimama inapokauka na kuendelea inapolowa, iwe kwa mvua, umande au unyevu wa hewa ya bahari. Kipimo hiki ndicho pia kinachoitenganisha likeni na doa la rangi, chumvi au chokaa, ambavyo vikilowa havigeuki kijani.

Umbo ndilo linalofuata. Likeni ya kuganda haibanduki bila gome. Likeni ya majani ina pembe zinazoweza kuinuliwa kwa ncha ya kisu, na upande wake wa chini ni tofauti na wa juu. Likeni ya kichaka husimama au kuning'inia, imeshika kwa sehemu moja tu. Pwani kwetu za kuganda ni nyingi mno kuliko nyingine. Kati ya za majani, zinazoonekana mara kwa mara kwenye minazi, mikorosho na mikoko ni Dirinaria na Pyxine, zote mbili za kijivu na zimegandamana na gome kiasi kwamba mgeni huzidhania za kuganda. Tochi ndogo ya urujuanimno ya kukagulia noti husaidia hapa, kwa sababu Pyxine cocoes hung'aa njano chini ya mwanga wake. Tafuta pia vilima vidogo vya unga juu ya likeni: huo unga, soredia, ni vifurushi vya nyuzi za kuvu zilizofunga seli chache za mwani, navyo hupeperushwa kwenda kuanza likeni mpya bila kusubiri washirika wakutane upya. Likeni za kichaka karibu na bahari huwa za jenasi Ramalina au Roccella. Roccella ilikusanywa kwenye pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 19 na kusafirishwa Ulaya kwa ajili ya rangi ya zambarau, na kutoka katika jenasi hiyohiyo ndiko ilikotoka litmasi ambayo wanafunzi huitumia kupimia asidi.

Wakulima wengi huamini kwamba likeni hunyonya mkorosho. Haiunyonyi: hujitengenezea chakula chake, nyuzi zake hukomea kwenye gome lililokufa, na mti ni mahali pa kukaa tu. Imani hiyo ina chanzo kinachoeleweka, kwa kuwa mkorosho uliodhoofika hupukutisha majani, mwanga huingia hadi kwenye matawi, na likeni hunawiri palepale mti unapokufa. Mtu akiviona viwili pamoja huhukumu kimoja kimesababisha kingine. Kukwangua magome ni kazi ya bure. Lakini upo mwani mmoja ambao kweli hushambulia majani, nao ni Cephaleuros, ambao kwenye majani ya mwembe, mpera na hata mkorosho hufanya madoa ya duara ya rangi ya chungwa yenye vinywele vifupi. Usiuchanganye na ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu unaofunika maua na majani machanga kwa unga mweupe.

Ubwiriunga unatuleta kwenye salfa. Tangu mwaka 1866, mtaalamu wa likeni William Nylander alipoona kwamba likeni za bustani ya Luxembourg zilitoweka kwingineko mjini Paris, likeni zimetumika kama kipimo cha hewa, na anayesoma habari hizo hutamani kuhesabu likeni za shambani na kutoa hukumu. Kwetu kuna sababu ya kusita. Mikorosho hupulizwa salfa ya unga wakati wa kutoa maua, kuanzia kama Juni, kwa sababu salfa huua kuvu, na sehemu kubwa ya mwili wa likeni ni kuvu. Uchache wa likeni katika shamba linalopulizwa kila mwaka hauwezi kusomwa kama ushahidi wa moshi wa magari au wa viwanda. Muulize mwenye shamba amepuliza nini, lini na kwa miaka mingapi, na linganisha na minazi au miembe iliyo mbali na upepo wa bomba la kupulizia. Vumbi la barabara nalo hubadilisha gome na kuzipendelea likeni chache za kijivu, hivyo umbali kutoka barabarani uandikwe pia.

Mosi

Nyanda za chini za pwani zina mosi chache, kwa sababu kiangazi ni kirefu na mbegu za kiume za mosi lazima ziogelee katika utando wa maji ili zilifikie yai. Chache hizo, hata hivyo, hutambulika bila shida. Kwenye sehemu ya chini ya shina la mnazi tafuta vifungu vya kijani-cheupe vyenye vijani vinene vinavyokatika upesi: hiyo ni Octoblepharum albidum, na weupe wake hutokana na tabaka za seli zilizokufa ambazo kazi yake ni kutunza maji. Jirani yake ni Calymperes, ambayo kwenye ncha za vijani vyake hubeba kishada cha chembe ndogo za kuzalia. Kwenye kuta na sakafu za saruji utakuta Hyophila involuta. Ikiwa kavu, kingo za vijani zimejikunja kwa ndani, na ukiinyunyizia maji zinafunguka mbele ya macho yako. Bryum argenteum, yenye kung'aa kifedha, hukaa kwenye nyufa za njia za watu. Fissidens hukaa kwenye kingo za udongo wenye kivuli, nayo haikosewi, kwa kuwa vijani vyake vimepangwa katika safu mbili bapa.

Thibitisha kwa kutafuta kikonyo chembamba chenye kifuko cha spora juu yake, ambacho kwa mosi hudumu kwa wiki nyingi. Kama vijani vimepangwa safu mbili, havina mshipa wa kati, na chini ya shina kuna safu ya tatu ya vijani vidogo zaidi, hiyo si mosi bali ni mmea wa kundi la ini, jamaa yake wa karibu. Frullania ya hudhurungi-nyekundu kwenye magome ni mfano wake mzuri. Uwanda wa Rondo, unaopanda hadi zaidi ya meta 800, ndio mahali pa kwenda baada ya kuizoea pwani, kwa sababu ndani ya kivuli cha msitu unyevu hudumu, na mosi pamoja na mimea ya ini hupanda kutoka chini ya shina hadi kwenye matawi. Tafuta kwenye shina la mti mahali ambapo mosi inakoma na likeni inaanza, pima urefu huo kutoka ardhini, kisha fanya hivyohivyo pembeni mwa msitu. Tofauti ya vipimo viwili hivyo itakueleza mengi kuhusu mahali hewa kavu inapoingilia.

Malambo na ardhi yenye maji

Kwenye lambo, chovya kijiti. Nyuzi ndefu za kijani zinazoning'inia na kuteleza ni mwani kama Spirogyra, na hazina madhara. Mmea mgumu, wenye harufu kali na matawi yaliyopangwa kwa pete, ni Chara, mwani wa kijani ulio karibu kiukoo na mimea ya nchi kavu. Utando wa kijani usio na nyuzi, unaosambaratika kuwa punje na kusukumwa na upepo kwenye ukingo mmoja, uuhesabu kuwa sianobakteria na uwazuie watoto na mifugo. Kuchemsha maji hayo hakuondoi sumu, kwani joto huua seli lakini sumu husalia. Juu ya ardhi tupu, baada ya mvua za kwanza, madonge ya ute wa kijani cheusi ni Nostoc. Nayo ni sianobakteria, lakini hii huingiza naitrojeni ya hewani katika udongo, na jua likiwaka hukauka kuwa ukoko mweusi unaosubiri mvua nyingine.

Kutunza sampuli

Likeni na mosi hukaushwa kivulini ndani ya bahasha ya karatasi, kamwe si katika mfuko wa plastiki, ambamo huoza kwa ukungu kabla ya juma kwisha. Mwani wa baharini huelea kwanza katika beseni la maji ya bahari. Ingiza karatasi nene chini yake, tandaza matawi kwa sindano, inua taratibu, funika kwa kipande cha kanga kuukuu kilichofuliwa, na ubane kati ya magazeti yanayobadilishwa kila siku. Aina zenye utomvu hujigandisha zenyewe kwenye karatasi. Halimeda hazibanwi, zianikwe tu.

Lebo iandikwe siku hiyohiyo kwa penseli. Iwe na tarehe, mahali kwa jina la kijiji na kata, kitu kilichoshikiwa, urefu kutoka ardhini au nafasi katika kupwa na kujaa, mwanga au kivuli, rangi kikiwa kikavu na rangi kikiwa kimelowa, na jina la mwokotaji. Jina la kiumbe liandikwe mwisho, na kwa kiwango unachoweza kukitetea: «likeni ya kuganda yenye mistari, gome la mkorosho, haijulikani kama shamba hupulizwa salfa» ni lebo bora kuliko jina la spishi lililokisiwa, kwa sababu mtaalamu atakayeifungua bahasha hiyo miaka kumi baadaye ataweza kutafuta jina mwenyewe, lakini hataweza kurudi kwenye ule mkorosho.